Kwa Nini Kiti C-14 Hakikuuzwa

Vijana wangu wa mlangoni, asalaam aleikum.

Hassan alinipigia simu juzi nikiwa shambani, nakata majani ya ndizi yaliyokauka. Akaniambia, "Mama Hadija, watu wanalia huku. Tiketi za umma zimeisha saa moja baada ya kufungua, na kwenye ramani ya ukumbi kuna kiti kimoja chekundu hakinunuliki. Wanadhani tumemwekea mkubwa fulani. Tukifungue ama tukiache?" Nikamwambia aniache nimalize ndizi, nitawaandikia. Mambo ya kiti kile si ya simu. Mtandao wa huku kando ya mto hukatika katikati ya neno, na hili likikatika katikati mtasema uzee umenipanda kichwani.

Jibu la Hassan liko mwisho wa barua. Najua mnapenda kuruka kurasa, lakini mkiruka hamtaelewa kwa nini nimejibu hivyo.

Nimekaa kwenye dirisha la tiketi la ukumbi ule tangu wengi wenu hamjui kuvaa viatu. Harusi nimeziona, mikutano ya siasa nimeiona, na kila mwaka nimeona ile sherehe yetu ya tuzo za maigizo, makundi yanapotoka Wajir, Mandera na hapa kwetu Garissa kuja kujua nani kaigiza kuliko nani. Huanza baada ya swala ya alasiri na kumalizika kabla ya magharibi, maana watu wana safari na barabara zetu mnazijua. Safu A na B ni za wageni na waigizaji wanaowania tuzo. Kuanzia C mpaka H ni za umma, viti ishirini kila safu, jumla mia na ishirini. Kiti cha kwanza mpaka cha kumi ni upande wa wanawake, kumi na moja mpaka ishirini upande wa wanaume. Hayo mmeyakuta kwenye kompyuta mkadhani kompyuta ndiyo iliyoyabuni.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Dahir, karani wa ukumbi kabla yangu, Mungu amrehemu. Alikuwa mtu mkavu, haongei mpaka aulizwe, na akiulizwa anakutazama kwanza kuona kama unastahili jibu. Siku ya kwanza alinipa mfuko wa kokwa za tende. Mia na ishirini, zimeoshwa zikang'aa. Akaniambia nizitie zote mfuko wa kulia, na kila mtu wa umma akiingia nihamishe moja mfuko wa kushoto. Mwisho wa kazi, kokwa za kushoto lazima zilingane na vipande vya tiketi kwenye mkebe. Zikizidi, kuna mtu ameingia bila tiketi. Zikipungua, wewe mwenyewe ulisinzia.

Nikamwambia, mzee, buibui langu halina mifuko. Akasema hayo ni mambo yangu na fundi cherehani. Fundi alinicheka wiki nzima, lakini alinishonea mifuko miwili mirefu mpaka magotini, na nilipokuwa natembea nilikuwa nalia kama manyanga. Watu walikuwa wakinisikia kabla ya kuniona.

Mzee Dahir ndiye pia aliyenionya kuhusu safu ya mbele. Ukipanga safu A kwa mstari ulionyooka, wazee wa koo wataanza kuhesabu nani kakaa katikati na nani kasukumwa pembeni, na sherehe itaharibika kabla ya dua ya kufungua. Yeye aliipinda kidogo kama mwezi mwandamo, kila mzee akajiona yuko katikati. Huo upinde mpaka leo mnaupanga. Na viti vya chini ya feni msimpe mtu kwa sababu amepaza sauti. Mpeni mjamzito na mgonjwa, anayepiga kelele akae karibu na jenereta wapigishane kelele wenyewe.

Makosa nimefanya mengi. Kuna mwaka namba za viti zilikuwa zimefutika, nikazipaka rangi upya asubuhi ya sherehe. Nilijua jua la Garissa linakausha kila kitu, nikasahau kwamba rangi niliyopewa ilikuwa ya mafuta. Jioni wageni waliposimama, kila kanzu nyeupe ilikuwa na namba mgongoni, tena imegeuka. Mgeni wa heshima alikwenda kusalimu watu uwanja mzima na A-7 yake mgongoni, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Mimi nilijifungia chumba cha jenereta mpaka gari lake likaondoka. Hilo ni kosa la kucheka.

Lile lingine sijalicheka, na lilianza na tabia yetu ya kubana matumizi.

Tiketi zetu hazikuwa na mwaka. Nyinyi mnashangaa, lakini ilikuwa amri ya ofisi: zichapwe bila mwaka ili zinazobaki zitumike mwaka ujao. Ilikuwa karatasi ngumu ya rangi ya chai, muhuri wa ukumbi juu, na chini nafasi ambayo mimi huandika namba ya kiti kwa kalamu. Zilizobaki nilizitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Mwaka ukifika, nalifungua kopo, naangalia namba zilizomo, naandika zile zinazokosekana tu. Mwaka ule nilikuwa na homa. Niliandika tiketi zote mia na ishirini upya, na kopo sikulifungua. Ndani ya kopo mlikuwa na moja imelala, C-14.

Mwenzangu wa ofisini alilifungua akaitoa, akampa dereva wa lori wa njia ya Wajir aliyekuwa ameagizwa tiketi moja na mtu wa Hadado. Mnajua watu wa mbali walivyokuwa wakiagiza, kwa dereva au kwa akina mama wa maziwa ya ngamia. Ile C-14 niliyoiandika mimi niliiuza dirishani kwa mfanyabiashara wa sokoni. Basi kiti kimoja kikawa na wenyewe wawili, na mimi sijui.

Siku ya sherehe mfanyabiashara aliwahi, akakaa. Watu walikuwa wameshajaa, wengine wananing'inia madirishani, wakati alipotokea mlangoni mzee mmoja mrefu, mwembamba, amefunga kikoi na juu amevaa koti la kahawia. Kiwiko cha kushoto cha lile koti kilikuwa na kiraka kilichoshonwa kwa uzi wa kijani. Nakumbuka kiraka kwa sababu kilikuwa mbele ya macho yangu alipokuwa ananipa tiketi. Nikatazama: C-14. Nikamtazama mfanyabiashara kwenye kiti chake. Nikamrudishia mzee tiketi yake, nikamwambia kiti kina mtu.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alinivuta kando, akaniambia kwa kile Kiswahili cha Hadado, "Mama, mimi naitwa Abdille. Nimetoka Hadado siku mbili kwa lori. Sahra ni mtoto yangu."

Sahra nilimjua. Msichana wa kundi la Wajir, mwaka ule ndiye watu waliyekuwa wakimtaja kwa tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Alikuwa amekaa safu B na kundi lake.

"Mimi nilimkataza hii mchezo," mzee akaendelea. "Nilisema akipanda jukwaani asirudi nyumbani kwangu. Miaka tatu hatuongei. Sasa nimekuja na yeye hajui. Sitaki kuongea. Nataka tu akiangalia watu, anione nimekaa."

Wanangu, mimi nina mdomo mkali lakini moyo wangu si jiwe. Nilimshika mkono nikampeleka kwenye lile benchi la mbao lililo ukutani chini ya dirisha la tiketi. Nikamwambia, "Aabo, kaa hapa. Nipe dakika tano, nakuletea kiti nakuweka katikati kabisa." Akakaa, akaweka mikono magotini. Akasema, "Dakika tano, inshallah."

Nikaingia ndani, na nilipoingia tu jenereta likazima. Feni zikasimama, watoto wakaanza kulia, fundi akawa haonekani. Lilipowaka, gari la mgeni wa heshima likawa limefika na wazee wawili wa safu A wanabishana juu ya kiti. Kisha nikaitwa nyuma ya jukwaa, funguo ya kabati la tuzo imepotea, ikaonekana iko mfukoni mwangu kati ya kokwa. Kila jambo lilikuwa la haraka na kila jambo lilikuwa na mtu anayepiga kelele. Mzee Abdille hakupiga kelele.

Sahra alishinda. Nilikuwa nimesimama ukutani nikimtazama. Jina lake liliposomwa watu walipiga makofi, akapanda, akazungumza maneno machache, na kabla ya kushuka alitazama umma safu kwa safu, taratibu, kana kwamba anatafuta mtu. Wakapiga makofi mara ya pili. Mimi hata hapo sikukumbuka. Nilikumbuka wakati ukumbi umeshakuwa mtupu, ninapokusanya viti, niliposhika kile cha C-14.

Nilikimbia nje. Benchi lilikuwa tupu. Korane, mlinzi wetu wa geti, alikuwa anakunywa chai. Akaniambia, "Yule mzee alingoja mpaka makofi ya pili. Akasema, mwambie yule mama nimengoja. Halafu lori ya kwenda Wajir ikapita, akapanda."

Wahenga walisema subira huvuta heri. Hawakusema ni heri ya nani.

Kabla masika hayajaanza, akina mama wa maziwa walileta habari sokoni kwamba baba yake Sahra wa maigizo amefariki kule Hadado. Niliposikia, nilikaa chini pale pale kati ya madumu ya maziwa.

Mngetegemea nimtafute binti nimweleze. Sikumweleza. Nilijiambia ana msiba, nisubiri atulie. Alipotulia nikajiambia ya nini kutonesha kidonda. Ukweli ni aibu. Sahra alikuwa akija dirishani kwangu kila mwaka, kwa adabu zake, ananiita eeddo kama shangazi yake wa damu, ananiletea zawadi ya mafuta ya samli kutoka kwao. Mwaka mmoja, wakati namhesabia tiketi za ndugu zake, alisema tu hivi hivi, "Baba yangu hakuwahi kuniona jukwaani hata mara moja." Mimi nikaendelea kuhesabu. Nikasema, Mungu amrehemu.

Sasa nisikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo watu huanza kunitazama kwa jicho la pembeni.

Sherehe ya kwanza baada ya kifo chake niliuza C-14 kama kawaida kwa mwalimu mmoja wa Tarbaj. Nilisimama mlangoni na kokwa zangu, moja kwa kila mtu. Mtu wa mwisho alipokuja, nikatia mkono mfuko wa kulia, mfuko ulikuwa mtupu. Nikamruhusu, nikadhani nimeangusha kokwa. Baada ya muda mfupi yule mwalimu akatoka, akaniomba nimhamishe. Nikamuuliza kiti kimevunjika? Akasema hapana. "Kuna mzee amesimama nyuma yangu. Hasemi kitu, lakini najua anangoja." Nikaenda kutazama. Nyuma ya C-14 palikuwa na D-14, na aliyeikalia alikuwa kijana mnene anakula njugu. Usiku wa kuamkia Ijumaa nilizihesabu zile kokwa juu ya mkeka. Zilikuwa mia na ishirini kamili.

Mwaka uliofuata nilikiuza kwa mchuuzi wa mbuzi, mtu mwenye sauti na kifua, nikasema huyu hatishwi na kitu. Alisimama ukutani sherehe nzima na tiketi yake mkononi. Nikamwambia, baba, si ukae? Akanijibu, "Kiti ina mtu." Kiti kilikuwa kitupu, mimi nakiona na yeye anakiona.

Tangu hapo sikukiuza tena. Nikawa natoa tiketi mia na kumi na tisa, natia mifukoni kokwa mia na kumi na tisa, na kila mwaka mtu wa mwisho akiingia, mfuko wa kulia umeshamalizika. Nilimpelekea fundi cherehani akague mifuko. Akaigeuza nje, akapitisha vidole kila mshono, akasema Mama Hadija, hata sindano haipiti hapa.

Korane naye alikuja mwaka mmoja, saa za alasiri, kabla ya milango kufunguliwa. Hakuwa mtu wa mzaha. Akaniuliza, "Mama, yule mzee wa benchi, bado hujamfungulia?" Nilitoka naye. Upepo ulikuwa umevuma tangu asubuhi na vumbi jekundu lilikuwa limelala kila mahali, kwenye ngazi, kwenye dirisha, kwenye benchi. Benchi zima lilikuwa na vumbi, isipokuwa mahali pa mtu mmoja. Korane alisema huenda ni mpita njia. Nami nikasema huenda. Tulisimama pale tukalitazama, kisha kila mmoja akarudi kazini kwake bila kumtazama mwenzake.

Niliogopa, siwafichi. Lakini kilichonisumbua zaidi si kuogopa. Mtu anayetaka kukudhuru anakuja na vitimbi. Huyu hakuvunja kitu, hakuangusha kitu. Alikuwa anangoja tu, kama nilivyomwambia.

Mwaka jana ndio ulikuwa wa mwisho wangu. Wengine mlikuwepo. Ndio mwaka ambao tiketi ziliingia kwenye simu, Hassan akaletwa na mashine yake ya kusoma zile alama za tiketi. Nilimwambia afunge C-14, akafunga bila kuuliza, nashukuru. Kokwa zangu nilikuja nazo hata hivyo, safari hii zote mia na ishirini. Aliponisikia nikitembea akaniuliza kama nimebeba dawa za hospitali.

Sahra alikuwa anawania tena, safari hii si kwa kuigiza bali kwa mchezo aliouandika. Amekuwa mama wa watu sasa, anafundisha wengine.

Watu walikuwa wameshaingia wote. Jua lilikuwa limeanza kulala, linaingia mlangoni moja kwa moja, na vumbi linaelea katikati ya mwanga. Hassan alikuwa anafunga mashine. Nikasikia akimwambia mtu, "Hii haisomeki, mzee. Tiketi ni ya simu." Nikageuka.

Alikuwa mtu mrefu, jua liko nyuma yake, kitambaa amejifunika kichwani mpaka mdomoni kama wafanyavyo watu waliosafiri juu ya lori. Uso sikuuona vizuri, na nitaapa hivyo mbele ya yeyote. Mkononi alikuwa ameshika karatasi ngumu ya rangi ya chai. Nilipoangalia mkono, nikaangalia na kiwiko. Koti lilikuwa la kahawia. Kiraka kilikuwa na uzi wa kijani.

Hassan akasema, "Mama, hii ni ya zamani, nimrudishe?" Mimi nilichukua ile karatasi. C-14. Muhuri wetu. Mwaka hakuna. Ilikuwa halali kama siku ilipotoka kwenye kopo.

Yule mtu akaniambia polepole, "Mama, ile dakika tano imeisha?"

Hassan, wewe ulikuwepo. Ulinishika bega ukidhani naanguka. Uliniuliza baadaye ni nani, nikakwambia ni mgeni wa Hadado. Sikukudanganya.

Nikamwambia, "Imeisha, Aabo. Nisamehe. Karibu." Nikaichana tiketi, nikatia kipande mkebeni, nikahamisha kokwa ya mwisho. Nilimtangulia kwenye njia ya katikati, nasikia hatua zake nyuma yangu, za mtu mzima asiye na haraka. Nilimwonyesha kiti. Akakaa, akaweka mikono magotini. Nilirudi mlangoni.

Jina la Sahra lilisomwa. Makofi. Alipanda, akashika ile tuzo, akaanza kuwashukuru wenzake. Kisha akafanya kama afanyavyo siku zote, akatazama umma, safu kwa safu. Alipofika safu C alinyamaza. Watu wakaanza kutazamana. Halafu akasema neno moja kwenye kipaza sauti, taratibu, "Aabo." Kwa Kiswahili, baba. Watu wakadhani anamkumbuka marehemu, wakapiga makofi tena kwa huruma.

Makofi yalipoisha kiti kilikuwa kitupu. Mimi nilikuwa mlangoni na Hassan alikuwa mlangoni. Mlango ni mmoja. Mimi sikumwona akipita, na Hassan anasema alikuwa anatazama mashine.

Sherehe ilipokwisha Sahra alinijia moja kwa moja. Hakunisalimu. "Eeddo, nani alikaa pale?"

Nikamwambia. Yote, kuanzia kopo la maziwa. Homa, tiketi mbili, benchi, dakika tano, jenereta, funguo. Nikamwambia maneno ya baba yake kama alivyoyasema, kwamba hakutaka kuongea, alitaka tu aonekane amekaa. Nilikuwa nalia na sikujifuta.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanieleza kwamba baba alipokufa nguo zake ziligawiwa sadaka, kama ilivyo desturi yetu sote. Lile koti kaka yake alimpa msafiri asiyemjua, aliyekuwa akinywesha ngamia kisimani, na hakuna aliyekagua mifuko. "Basi atakuwa ni huyo," akasema. "Amekuta tiketi mfukoni, amepita Garissa, ameona watu, ameingia."

Nikasema, huenda.

Kisha akaniuliza, "Na dakika tano alizijuaje?" Hakungoja jibu. Alikwenda safu C, akaweka kiganja juu ya kiti. Akasema bado kina joto. Kweli Garissa hakuna kiti kisicho na joto, lakini sikumwambia hivyo.

Nilidhani atanisamehe au atanilaani. Aliniambia hivi, bila kupandisha sauti: "Eeddo, miaka yote hii nimejua baba alikufa amenikasirikia. Nimelala na hilo, nimeolewa na hilo, nimezaa na hilo. Wewe ulijua si kweli. Ulikuwa unaniuzia tiketi kila mwaka na unajua si kweli." Akachukua tuzo yake akaondoka. Samli haijaja tena, na ni haki yake.

Hapo ndipo nilipolijua kosa langu. Kumsahau mzee kwenye benchi ni kosa la kazi, na kazi ina makosa. Lile lingine lilikuwa la kila siku, nililifanya nikiwa mzima wa afya, macho makavu, kwa miaka.

Jioni ile nilihesabu. Mashine ya Hassan ilisema mia na kumi na tisa. Mkebeni kulikuwa na kipande kimoja cha karatasi. Mfuko wa kushoto kokwa mia na ishirini. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile vililingana.

Basi Hassan, jibu lako ni hili. Kifungue. Kiuze kama vingine, kwa yeyote wa umma atakayewahi. Mwenyewe ameshakaa. Na nyinyi wa mlangoni, mashine zenu zitawafanyia mengi, zitahesabu, zitakataa tiketi mbili za kiti kimoja. Lakini hazitawakumbusha mtu mliyemwambia angoje. Usimwambie mtu dakika tano kama huna saa. Na ukimsahau, mtafute wiki ile ile, useme kwa mdomo wako, hata kama atakufukuza.

Mimi nitakuja siku ya sherehe, lakini msiniwekee kiti. Niacheni kwenye benchi la nje, chini ya dirisha. Nitapanguza vumbi mwenyewe, nikae, niweke mikono magotini, nisikie dakika tano zina urefu gani. Msiniite ndani mpaka makofi ya pili.